Kulungu Aliyejua Saa za Doria

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai nilipewa sare mbili, kofia moja na mnyama nisiyemjua. Sare zilinibana mabegani, kofia ilinipwaya, na mnyama alisimama ng'ambo ya waya akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesafirishwa kwa kreti. Meneja wa shamba, mtu wa kalamu tatu mfukoni na faili kwapani, akaniuliza kama namfahamu. Nikamwambia kweli: sijapata kumwona tangu nizaliwe.

"Karatasi zako zinasema umekamata wanyama miaka ishirini na minane," akasema.

"Wanyama wa kwetu, bosi. Kongoni, swala, pundamilia. Huyu si wa kwetu."

"Mnyama ni mnyama, Mzee. Yalla, kazi."

Ningekuwa na akili timamu ningeomba nirudishwe uwanja wa ndege mchana ule ule. Nawaandikia haya nyinyi vijana mnaonipigia simu kila mara kuuliza kazi za Ghuba zikoje, na hasa wale wawili watatu mnaotaka kuingia katika kazi yangu, kazi ya kukamata wanyama wakiwa hai. Wote mnaniuliza habari za joto. Joto ni kitu kidogo, unanunua kofia yako mwenyewe inayokutosha, unakunywa maji, limekwisha. Niulizeni habari za mameneja.

Kazi hii niliisomea nyumbani, katika kikosi cha kuhamisha wanyama, huko chini kwenye tambarare za Taita nilikozaliwa. Nilianza kama mbeba turubai. Tulikuwa tukitandaza kuta za turubai porini pande mbili, mbele pana na nyuma pembamba, kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa, kisha mnyama anasukumwa polepole humo mpaka anajikuta ndani ya kreti. Hilo ndilo tuliloliita boma. Baadaye nikapandishwa nikawa mpiga sindano, yaani mtu wa bunduki inayorusha dawa ya usingizi. Mkuu wa Kikosi, ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja, alinifundisha jambo moja ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Mwakio," aliniambia, "mnyama akikimbizwa zaidi ya dakika tatu, umeshamuua. Hata ukimwona amesimama anakula, hesabu umeua."

Alisema kweli. Mnyama wa porini akikimbizwa kwa hofu, misuli yake huchemka na kuharibika, uchafu wake ukaziba figo, akafa kesho yake au keshokutwa, wakati wewe umeshapigwa mgongoni na kupongezwa. Kwa hiyo ufundi wote wa kazi yetu ni kumshika mnyama bila kumfanya akimbie. Unasoma nyayo ujue alipolala. Unatikisa soksi yenye majivu uone upepo unakwenda wapi, ili asikunuse. Halafu unangoja. Anayetaka kazi ya mbio na kelele aende akacheze mpira.

Kikosi kilipopunguzwa watu, rafiki yangu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo bandari ya Hamriya akanitafutia nafasi kwa tajiri mmoja wa Dubai mwenye shamba la wanyama nje ya mji. Ilikuwa mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kumi, nami nilikuwa nimeshapita hamsini. Nilipewa chumba nyuma ya nyumba moja ya tajiri huyo huko Al Twar, na kila asubuhi gari dogo lilituchukua wafanyakazi mpaka shambani, mwendo wa karibu nusu saa.

Tajiri mwenyewe tulimwita Arbab. Alikuwa mzee mtulivu ambaye mamake kazaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Mara nyingi alinirekebisha mbele ya watu. Tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa waliojaa kati yake na sisi. Kulikuwa na Meneja, ambaye kila jambo kwake ni ratiba. Halafu kulikuwa na mpwa wa Arbab, ambaye shamba zima lilimwita Sir, kijana aliyekwenda Marekani mara tatu kuwinda na akarudi na mdomo.

Wale wanyama ndio waliotoka huko. Ni jamii ya kulungu wenye mkia mweupe kwa chini. Kwetu kulungu ni mnyama mwingine kabisa, lakini hatukuwa na jina jingine la kuwapa hawa, basi tukawaita hivyo hivyo. Walikuwa kumi na mmoja katika zizi la waya mrefu, ndani ya shamba lililozungushiwa ukuta. Kati ya zizi na ukuta kulikuwa na mkanda mnene wa miti ya damas, ile miti ya ua inayopandwa kila mahali kule, mnene kiasi kwamba paka akiingia humwoni tena.

Sir alipenda kuniuliza swali moja. "Mzee, unajua wapi duniani ni pagumu zaidi kumwinda huyu mkia mweupe?"

Hakungoja jibu. Mwaka wa kwanza alisema ni misitu mikubwa ya kaskazini, ambako unatembea kutwa nzima huoni hata unyayo. Mwaka wa pili akasema hapana, ni mabwawa ya kusini, maji mpaka magotini na mbu. Aliporudi safari ya tatu akasema ni kule kwenye vilima vya mashamba ambako wawindaji ni wengi kuliko wanyama, maana mnyama amewajua wote. Mimi nilijibu "Yes, sir" kwa kila jibu. Sikujua kwamba swali lile lingekuja kunitoa jasho mimi, si yeye.

Nilichokuwa nimegundua kwa kumtazama mnyama yule ni kwamba hafanani na wa kwetu kwa tabia. Kongoni akikuona anakimbia, na unamwona anakokwenda. Huyu anakaa. Anajilaza kichakani, unampita hatua tatu, hatikisiki, halafu ukishampa mgongo anainuka na kuondoka upande uliotoka. Nilimwambia Meneja kwamba huyu akitoka zizini itakuwa balaa. Akaandika kwenye faili.

Alitoka Jumapili moja, mwezi ambao jua lilikuwa linaanza kukaza. Alikuwa jike, na alikuwa na mimba.

Langoni kwa zizi alikuwapo mlinzi aliyeitwa Nakato, dada wa Kiganda, mpole, mwenye buti zilizong'arishwa kila siku. Aliletwa na kampuni ya ulinzi yenye ofisi Deira, na alikuwa na miezi minane tu tangu afike. Watoto wake wawili aliwaacha kwa mama yake Masaka. Kazi yake, pamoja na kufungua na kufunga, ilikuwa doria. Kila saa moja alizunguka shamba akiwa na kijiti cha chuma, kitu kama tochi, akikigusisha kwenye vitufe vinane vilivyobandikwa ukutani. Lazima aanze cha kwanza amalizie cha nane, kwa mpangilio, na akichelewa kijiti kinalia. Kila Jumamosi kampuni ilikichukua na kukisoma kwenye kompyuta.

Lori la majani lilipoingia zizini siku ile, Nakato alikuwa ameshika lango.

"Mzee, mimi nilingojea ile lori," aliniambia huku machozi yakimlengalenga. "Dreva anasema dakika mbili, dakika mbili. Kijiti kikaanza kulia. Nikamwambia, ssebo, wewe utafunga lango. Akasema sawa. Nikaenda kwa point ya nne."

Dreva hakufunga. Meneja akatuita wote, akasema Arbab yuko safarini na atarudi Ijumaa na wageni waliotaka kuwaona wanyama wale. "Alhamisi awe ndani," akasema. "Asipokuwa ndani, huyu mlinzi anarudi kwao. Khalas." Dreva hakutajwa, maana dreva si wa shamba, ni wa muuza majani. Nakato alinitazama kama mtu anayemtazama daktari. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni mtu wa miaka ishirini na minane. Nikikumbuka maneno yale natamani kujizaba kofi.

Jumatatu nilianza na nyayo, kama ulivyo utaratibu. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikainama, nikakuta mchanga wa shamba zima umepigwa reki, safi kama umepigwa pasi. Hivyo ndivyo wafanyavyo kule: kila asubuhi vibarua wanachana mchanga ili upendeze. Nikaenda kwa Meneja nikamwomba asimamishe reki siku nne tu. Akafungua faili, akanionyesha ratiba ya reki. Nikamwambia mnyama anaacha nyayo mchangani, na reki inazifuta. Akasema anaelewa kabisa, lakini reki iko kwenye ratiba.

Bunduki ya sindano sikuithubutu. Dawa ile ni hatari kwa mwenye mimba, na kwa joto lile angelala asiamke. Nikatikisa soksi yangu ya majivu nione upepo. Majivu yakaenda kulia, yakarudi kushoto, yakazunguka na kuniingia machoni, kwa sababu ya mashine za kupoza hewa za zizi la farasi zilizokuwa zikipuliza pande zote. Nilisimama pale nikipangusa macho na vibarua wakinicheka.

Jumanne akaja Sir. Alikuwa na pembe mbili kavu alizotoka nazo Marekani na kichupa cha chambo cha harufu kinachonuka vibaya. Akaniambia kule wanagonganisha pembe kuigiza madume yanayopigana, na mnyama anakuja mwenyewe.

"Sir, huyu ni jike mwenye mimba," nikasema. "Vita vya madume vinamhusu nini?"

"Mzee, mimi nimewinda huyu mnyama. Wewe hujawinda."

Akaingia kwenye miti akagonganisha pembe nusu saa. Waliokuja ni vibarua wawili waliodhani kuna watu wanapigana. Alipotoka, akiwa amechanika shati, akapendekeza tulete mbwa wake wa mbio. Nikamweleza habari ya dakika tatu, ya misuli na figo, nikamweleza polepole kama ninavyowaeleza nyinyi. Akasema kule Marekani hawana shida hiyo. Nikamwambia kule wanataka nyama, mimi namtaka mzima. Nadhani nilipandisha sauti, maana aliondoka bila kuaga.

Jumatano asubuhi niliamua kumtega kwa chakula. Nilikuwa nimeshaamuru tangu Jumatatu mtu yeyote asiweke kitu cha kuliwa wala maji nje, ili mnyama apate njaa aje kwenye majani yangu. Hakugusa hata jani moja. Nilizunguka nikashangaa, mpaka nilipofika nyuma ya jikoni nikakuta bakuli mbili chini ya damas, moja ya maji na moja yenye kokwa za tende na kipande cha mkate wa chapati. Bi Zuwena, mpishi, mama wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake, alikuwa amesimama mlangoni amejishika kiuno.

"Bi Zuwena, si niliwaambieni?"

"Uliniambia. Na miye nakwambia, kiumbe mwenye mimba yuko nje na jua hili, nimnyime maji? Nitakwenda kumjibu nini Mola wangu?"

"Umemwona?"

"Sijamwona hata siku moja. Nakuta bakuli tupu, najua kala."

"Kuna mtu atarudishwa kwao kwa ajili ya mnyama huyu!"

"Basi si umkamate, baba. Ndiyo kazi yako hiyo."

Nilikaa karibu na bakuli zile saa tatu nzima, nimejificha kwa ufundi wangu wote. Nilipokwenda kuswali adhuhuri na kurudi, bakuli zilikuwa tupu. Kichwa kikanipanda moto. Nilizipiga teke bakuli za watu, kitendo ambacho nilimwomba radhi Bi Zuwena baadaye, naye akanikubalia kwa shida.

Alasiri ile nilikuwa nimekata tamaa. Sikuwa na la kufanya, nikaamua kutembea doria na Nakato, angalau asiwe peke yake katika siku yake ya mwisho. Akagusa kitufe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Tulipofika cha tano nikakumbuka nimeacha miwani yangu juu ya ukuta kwenye cha nne, nikarudi kuichukua. Nikainama kuiokota, maana ilikuwa imeanguka, na pale chini nikaona.

Mchangani kulikuwa na alama ya buti la Nakato, na juu ya alama ile kulikuwa na kwato mbili zenye ncha kali. Juu yake, sikilizeni vizuri. Si chini. Kingo za mchanga zilikuwa bado zinamomonyoka ndani ya unyayo. Mnyama alikuwa amepita pale baada yetu, dakika mbili au tatu hivi. Nikarudi nyuma zaidi mpaka kitufe cha tatu: kwato juu ya buti, kwato juu ya buti, njia nzima.

"Nakato," nikamwita, "unajua kwamba unafuatwa?"

"Mzee, huwa nasikia kitu nyuma. Nilifikiri ni paka."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Na kwa nini hukusema?"

Akanitazama kwa adabu. "Hakuna mtu aliniuliza."

Na kweli hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa nimeuliza majivu, Sir alikuwa ameuliza pembe, Meneja alikuwa ameuliza faili. Mtu pekee aliyekuwa akizunguka shamba lile kila saa, kutwa nzima, tulimwacha alie pembeni. Mnyama yule alikuwa ameshika ratiba ya doria kichwani. Alijua kwamba mahali palipo salama kuliko pote shambani ni pale Nakato alipotoka sasa hivi, maana hapo hapatapita mtu mpaka saa izunguke. Basi akawa anatembea nyuma yake taratibu, kichaka kwa kichaka, kila siku.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la Sir. Si misitu ya kaskazini wala mabwawa ya kusini. Pagumu zaidi kumwinda mkia mweupe ni pale ambapo watu wanatembea kwa saa. Mwindaji wa msituni hajui mwenyewe kesho atapita wapi, kwa hiyo mnyama naye hajui. Sisi tulikuwa tumempa ratiba yetu ya reki, ya jikoni na ya doria, yeye akaisoma vizuri kuliko sisi.

Nikapanga. Nilimwambia Nakato kesho alfajiri azunguke kama kawaida mpaka kitufe cha tano, kisha ageuke arudi nyuma taratibu, bila haraka, kana kwamba amesahau kitu. Mnyama akimwona anarudi hatakimbia, maana anamjua. Atageuka tu na kutangulia, na katikati ya cha nne na cha tatu nitakuwa nimemwekea boma la turubai.

"Lakini Mzee," akasema, "kijiti kitalia."

"Achana na kijiti," nikamjibu. "Kesho tunashika mnyama, hatushiki kijiti."

Turubai sikuwa nalo la kutosha. Nilikwenda Deira kwa basi jioni ile ile nikapata maturubai ya rangi ya udongo kwenye duka la jumla la vifaa vya bandarini, nikarudi nayo mabegani kama hamali. Alhamisi kabla ya jua kutoka tulikuwa tumeyatundika ndani ya damas, mimi na vibarua wawili, faneli yetu ikiishia kwenye kreti niliyoitandika majani.

Saa kumi na mbili na nusu nikamsikia Nakato anakuja kwa mbali. Alikuwa anazungumza na yule mnyama kwa Kiganda, sauti ya chini, kama mtu anayemwongoza mtoto asubuhi kwenda kunawa uso. Kisha nikamwona kulungu. Alikuwa anatembea mbele yake, tumbo limening'inia, masikio yanazunguka, mkia umelala chini. Katika maisha yangu yote ya kazi sijaona mnyama anayeingia bomani akitembea. Alipovuka mdomo wa faneli tukafunga turubai nyuma yake, akasimama, akapiga hatua tano, akaingia kwenye kreti kufuata majani. Nikashusha mlango. Tangu aone turubai mpaka mlango kushuka haikufika hata dakika moja, na hakukimbia hatua hata moja.

Nakato alikaa chini mchangani, akaweka kijiti mapajani, akalia. Kijiti nacho kilikuwa kinalia. Hakuna aliyekijali.

Ijumaa Arbab akarudi, wageni wakaona wanyama kumi na mmoja, wakanywa kahawa. Meneja alipita kifua mbele kama yeye ndiye aliyekuwa kichakani.

Jumamosi akaja Msimamizi wa kampuni ya ulinzi, kijana wa Kikenya mwenye tai, akakisoma kijiti. Baada ya nusu saa alimpa Nakato barua. Nikaipokonya nikaisoma. Ilisema Alhamisi asubuhi aligusa vitufe vitano, akarudia cha nne, na cha sita, cha saba na cha nane hakuvigusa kabisa. Kosa: kuacha lindo. Adhabu: kurudishwa nyumbani.

"Alikuwa anakamata kulungu!" nikamwambia yule kijana.

"Mzee, mimi sina noma na wewe. Lakini system inasema ali-skip point tatu. Hiyo kulungu iko wapi kwa report?"

"Niandike mimi. Mimi ndiye niliyemwambia arudi nyuma."

"Kwa hii form hakuna place ya mtu mwingine."

Lango liliachwa wazi kwa sababu Nakato alikitii kijiti. Sasa anafukuzwa kwa sababu hakukitii, na aliyemwambia asikitii ni mimi. Alinionya, nami nikamjibu kwa kiburi cha fundi. Nilikuwa nimefikiria upepo, turubai, mimba, joto, vyote, isipokuwa yule mtu aliyebeba kazi yote mkononi. Hilo lilikuwa kosa langu, na sikutaka kulibeba nyumbani.

Nikaenda moja kwa moja kwa Arbab. Alikuwa barazani peke yake na birika lake la kahawa.

"Karibu, Mwakio. Una nini, mbona umevimba hivyo?"

"Arbab, unajua nani kamkamata kulungu?"

"Meneja kaniambia ni yeye na wewe."

"Ni Nakato."

"Nakato ndiye nani?"

"Ni yule mlinzi anayekufungulia lango kila siku, miezi minane sasa."

Nikamweleza yote, na sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Nilimwambia kwamba mimi na miaka yangu ishirini na minane nilizunguka siku tatu nikitikisa soksi, na mnyama yuko nyuma ya mgongo wa mlinzi. Nilimwambia mnyama yule hamwogopi Nakato, anamfuata, anajua hata hatua zake. Nilimwambia kazi ya kutunza wanyama si bunduki wala dawa, ni mnyama kukuzoea, na hilo halifundishwi, mtu analo au hana. Nilimwambia ukimwacha aondoke utakuwa umetupa mtu ambaye hutampata tena hata ukimtafuta dunia nzima.

Arbab alinisikiliza bila kunikatiza hata kwa kunirekebisha lugha.

"Kwa hivyo yeye anamjua mnyama kuliko wewe," akasema.

"Kwa mbali sana, Arbab."

"Na akitoroka tena?"

"Atamrudisha yeye. Mimi nitakuwa bado natafuta nyayo."

Akacheka, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. "Khalas, Mwakio. Umesema maneno mazuri. Nakato habanduki hapa, inshallah."

Nilitoka pale nikitembea kama waziri. Nilimpitia Bi Zuwena jikoni nikamweleza, akapiga vigelegele. Nakato alipiga magoti mbele yangu kwa desturi ya kwao, nikamwambia ainuke, watu wanatazama.

Siku tatu baadaye Meneja akaniita. Alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema Nakato ametolewa kwenye kampuni ya ulinzi, sasa Arbab mwenyewe ndiye kafeel wake, yaani mdhamini wake, na kazi yake ni mtunza wanyama. Nikafurahi, nikataka kumkumbatia hata Meneja. Ya pili ilisema mkataba wangu, ambao ulikuwa unakwisha mwezi uliofuata, hautaandikwa upya.

"Kazi ni ya mtu mmoja, Mzee," akasema, na kwa mara ya kwanza hakufungua faili. "Na wewe mwenyewe umemwambia Arbab kwamba yeye anakushinda."

Nilifungua mdomo nijitetee. Nikakuta maneno yote mazuri niliyokuwa nayo nimeshayatumia.

Mwezi ule mmoja nilimfundisha Nakato kila ninachokijua: vipimo vya dawa, dakika tatu, turubai, namna ya kufunika macho ya mnyama, soksi ya majivu ambayo kule haifanyi kazi. Alijifunza upesi mpaka nikaudhika. Kulungu alizaa mapacha na hakuna aliyekufa, na Sir alipokuja kuwapiga picha nilimsikia akiwaeleza marafiki zake namna ya kumnasa jike mwenye mimba, neno kwa neno kama nilivyomweleza mimi.

Sasa niko nyumbani Taita na nimestaafu, na mnaniuliza kama najuta. Nina hasira, hilo sifichi. Nina hasira na reki, na kijiti, na karatasi zisizo na nafasi ya mtu mwingine. Nina hasira kwamba nilimaliza kazi ya maisha yangu yote kwa wiki moja ya kuzungushwa na mnyama ndani ya ukuta. Lakini mkienda huko, mkapewa mnyama msiyemjua, kabla ya kufungua sanduku la vifaa tafuteni mtu anayezunguka pale kila siku kwa buti zake, mkae naye, mumuulize. Mimi nilichelewa siku tatu.

Nakato alinisindikiza mpaka Al Twar siku ya safari. Alikuwa amebeba begi langu na hakutaka kunipa. Gari lilipofika alisimama nalo mlangoni, macho chini.

"Mzee," akasema, "kama ungejua mwisho utakuwa hivi, ungeenda kunisemea kwa Arbab?"

Nilichukua begi langu kutoka mkononi mwake.

"Ningekwenda," nikamwambia. "Ila ningekusemea vibaya kidogo."